Boksi Dogo la Shemeji

Pale ghalani walimwita Mama Mizani. Hakuna mzigo uliopanda lori bila kupita kwake: aupime uzito, auvutie futi urefu, upana na kimo, kisha aupangie kundi lake. "Gunia la pamba na gunia la misumari si ndugu," alipenda kusema, "hata wakivaa sare."

Asubuhi hiyo aliyeleta mzigo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyewapa chumba kwake nyumba yao ilipoungua.

"Nguo za watoto, shemeji. Andika upesi, lori linaondoka."

Yalikuwa maboksi manne madogo. Alipolivuta la kwanza juu ya mizani, mshale uliruka. Akalipima ukubwa, akarudia. Hata ungezishindilia nguo kwa miguu, boksi dogo namna ile lisingefika nusu ya uzito huo.

"Humu mna nini?"

"Si nimeshakwambia?"

"Nguo hazina uzito huu."

Shemeji akasogea, akashusha sauti. "Mlipokosa pa kulala, nani aliwapokea? Leo unanipima mimi?"

Dereva alishawasha injini. Nyuma ya lori vibarua wawili walikuwa wamejilaza juu ya magodoro, tayari kusafiri na mzigo. Mama Mizani aliwatazama, akaliinamia boksi. Kona ya boksi ilikuwa imelowa, na harufu kali ikampanda puani.

Akachukua kisu.

"Ukikata hilo, undugu umekwisha!"

Alikata. Betri kuukuu za magari, zimelazwa ubavu, tindikali ikichuruzika. Tone likamwangukia kifundo cha mkono, akapiga ukelele. Dereva akazima injini, akaja mbio na ndoo ya maji.

"Betri zinasafirishwa," alimwambia shemeji huku akiuosha mkono, "lakini wima, kwenye kreti, katika kundi la mizigo ya hatari. Si chini ya watu waliolala!"

"Najua," shemeji alijibu, macho chini. "Lakini kundi hilo husubiri lori lake. Mteja wangu hasubiri."

Jioni Mama Mizani alikuta virago vyao uani. Mumewe alikuwa amekalia sanduku.

"Amesema tuhame."

"Nawe umesemaje?"

"Nimemwuliza, wale vibarua wangeungua, angewaambia nini mama zao?" Akainuka, akautazama ule mkono uliofungwa bendeji. "Unauma?"

"Unauma."

"Twende kwa dada yako."

Walitoka. Shemeji aliwafungia lango bila kuwatazama usoni.