Kiondo Kilichoishia L

Mama alikuwa ameitungia M hadithi gani? Alinifundisha herufi kwa kuzisuka kiondoni kwa katani nyekundu, kila moja na hadithi yake. L ilikuwa lori lililopotea njia Emali, likalia kama mbuzi.

"Na M?" nikamuuliza.

"Wewe mtoto, huna breki! M ni ya kesho."

Kesho yake alipelekwa hospitali. Hakurudi.

Juzi paa lilivuja juu ya kiondo kile, na harufu ya katani iliyolowa ikajaa chumbani. Binti yangu alipapasa nyuzi zilizoachwa zikining'inia.

"Mbona kimeishia hapa?"

Nilikihamisha kiondo pasipovuja.

Asubuhi iliyofuata nililoweka katani, nikamketisha kando yangu, nikaanza kusuka M. Alipodai hadithi yake, nilimsimulia habari za mama.