Sauti Niliyoicheka Bila Kujua ni Yangu

Msimu wa mavuno ulianza kwa harufu. Kabla hujaiona kombaini, ile mashine ya kuvunia, upepo uliotoka upande wa Basotu ulikuletea harufu ya mabua makavu yaliyokatwa, ikiwa imechanganyika na dizeli na vumbi, nasi watoto wa kambi tukajua kwamba kwa wiki kadhaa baba zetu watarudi nyumbani na makapi hadi kwenye nyusi. Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika shamba mojawapo la ngano la serikali, huku Hanang. Tulihamia pale kutoka kijiji cha Daudi, kule juu Mbulu, ambako shamba letu lilikuwa dogo kiasi kwamba mama aliweza kuzungumza na jirani aliyekuwa kwenye mahindi yake bila kupaza sauti. Hapa ngano ilienda mpaka macho yakachoka. Nilikuwa na miaka kumi na moja, wa kwanza darasani, mwepesi wa kujibu kila swali hata nisiloulizwa, na niliamini kwamba hakuna jambo pale kambini lingeweza kwenda vizuri bila mimi.

Mwaka huo watoto tulitakiwa kuimba kwenye sherehe ya kumaliza mavuno, mbele ya wafanyakazi wote na wageni wao. Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Martina, mke wa dereva wa trekta, mama mpole ambaye hakuwahi kumfokea mtoto. Wimbo wetu ulikuwa na ubeti mmoja wa kuimbwa na mtu mmoja peke yake. Hakuna aliyenichagua. Siku ya kwanza ya mazoezi ubeti ulipofika nilianza tu, na kwa kuwa hakuna aliyenizuia, nikauhesabu kuwa wangu. Rafiki yangu Paskalina, ambaye nyumba yao ilipakana na yetu, aliwahi kujaribu kuuimba siku moja. Nikamkatisha mbele ya wenzetu: "Wewe unaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Niachie mimi." Aliinamisha kichwa, akarudi mstari wa nyuma. Baada ya siku hiyo hakunipitia tena asubuhi kwenda shule, nami nikasema moyoni kwamba ana wivu.

Jumamosi moja mchana, zikiwa zimebaki wiki mbili, Bwana Rajabu alikuja kwenye bwalo tulimofanyia mazoezi. Alikuwa mtunza stoo wa shamba, na wazazi wake walikuwa na duka Katesh. Alikuwa ametoka likizo na redio kaseti yenye uwezo wa kurekodi, ya kwanza kuonekana pale kambini. Tukamwamkia shikamoo kwa pamoja, macho yetu yote kwenye ile redio. Tuliimba wimbo mzima, yeye akiwa ameinama juu ya vitufe, kisha akairudisha kanda nyuma na kutuambia tusogee.

Kwanza tulisikia upepo ukigonga mabati, na mtu akikohoa. Kisha kwaya ikaanza, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Lakini hapo hapo ikapanda juu yake sauti moja kali, inayokimbia mbele ya wenzake, inayomaliza maneno kabla yao na kupotea nje ya wimbo kila noti ilipopanda. Nilicheka. "Huyu anayetuharibia ni nani?" nikauliza. Bwana Rajabu alijifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa shati. Mtoto mdogo kuliko wote akaniangalia kwa mshangao wa kweli: "Si wewe?" Nilisema mashine ni mbovu. Lakini ubeti wa peke yangu ulikuwa umeshafika, kwaya yote imenyamaza, na ile sauti ilikuwa pale, haina mtu wa kusingiziwa.

Nilikimbia nje nikajificha nyuma ya tela. Nililia kwa aibu, kisha kwa hasira. Mwalimu Martina alinifuata, akaketi kwenye nyasi kando yangu.

"Kwa nini hukuniambia, Mwalimu?"

"Nilikuambia mara tatu, mwanangu. Kila mara ulinijibu kabla sijamaliza."

Hilo liliniuma kuliko kaseti. Nilikumbuka zile mara tatu, zote. Nilikumbuka pia kichwa cha Paskalina kikiinama. Mwalimu akasema sauti yangu haina ubaya, ila masikio yangu hayajaanza kazi. "Simama karibu na Paskalina," akasema, "uimbe kwa kiasi ambacho bado unamsikia."

Nilimkuta Paskalina bombani akisubiri ndoo ijae. Nikamwambia ubeti ni wake, na kwamba siku ile nilimkosea. Alifunga bomba. "Mwalimu amekutuma?" Nikasema hapana, nimekuja mwenyewe. "Basi shika huku tubebe," akasema, na tukaibeba ndoo pamoja hadi kwao.

Siku ya sherehe aliuimba yeye. Watu waliokuwa wakizungumza wakaacha. Nisiseme uongo, wivu ulinichoma. Lakini nikiwa kando yake, nikiimba kwa chini, niliusikia wimbo wetu mzima kwa mara ya kwanza tangu tuanze kujifunza.

Leo mashamba yale yamegawanywa na bwalo halina paa. Mimi ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya, na watu husimama ninapoingia. Zamani hata mtoto mdogo aliweza kuniambia ukweli usoni. Sasa cheo kimeniletea shikamoo nyingi na kuniondolea wa kunisahihisha, hivyo sina budi kuwatafuta. Mwaka jana nilimwita ofisini muuguzi kijana, aliyeajiriwa karibuni, nikamwomba aniambie ninakosea wapi nisipopaona mwenyewe. Aliogopa. Nikamhakikishia nataka kweli kujua. "Mama," akasema hatimaye, "wagonjwa wanakuogopa. Unawaandikia dawa hawajamaliza kueleza."

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Foleni ni ndefu, wauguzi ni wachache, na yote hayo ni kweli. Nikalimeza, nikamwambia aendelee. Alikuwa na mengi.