Nyumba Isiyokuwa na Jiko

Sisi tunaoongoza shirika letu ni watatu, na ukituona tukishuka garini huwezi kudhani tunaongoza hata kwaya. Mwenyekiti ni mkunga mstaafu kutoka Ubelgiji, aliyejifunza Kiswahili katika wodi za Bukavu, Kongo, akiwa kijana. Anakiongea kwa kasi na kwa makosa asiyoyaonea haya. Makamu wake ni mzee Mwislamu wa Bugarama, mkulima wa mpunga aliyewahi kuwa fundi mwashi. Wa tatu ni mimi, mkurugenzi, niliyekulia Bukavu na kurudi Rwanda nikiwa na watoto wawili na ulimi mrefu. Ofisi yetu ni vyumba viwili Cyangugu, juu kidogo ya ziwa. Ninawaonea fahari wenzangu hawa wawili, na fahari hiyo ilianza siku niliyowadanganya.

Tulikuwa tumejenga nyumba Bweyeye, kando ya kituo cha afya, ili wajawazito wa vilima vya mbali waje siku chache kabla ya uchungu na kungojea hapo. Zamani wengi walibebwa kwa ingobyi, ile machela ya kusuka inayowekwa mabegani mwa wanaume wanne, na mvua ya pembeni mwa msitu wa hifadhi wa Nyungwe haina huruma na njia. Nyumba ilitoka nzuri: kuta nyeupe, vitanda vinane, vyandarua. Hakuna aliyekuja kulala. Miezi ikapita, magodoro yakabaki na nailoni zake, mpaka viongozi wa pale wakatuambia kwa adabu kwamba ikiendelea hivyo, nyumba itageuzwa ghala la mbegu.

Mwenyekiti akaandika kwamba anakuja kuiona. Hapo ndipo nilipopata akili ya mwizi. Nilimpigia simu mhudumu wa afya wa kijiji, nikamwomba akusanye wanawake wanane wenye mimba walale vitandani asubuhi moja tu, wageni wakishapita warudi kwao. Nilijiambia kwamba ninailinda nyumba. Kwa kweli nilikuwa ninalinda sura yangu.

Gari liliishia pale maji yalipokata barabara. Tulitembea saa nzima na zaidi, mzee akiwa mbele na viatu mkononi. Tulipoingia, wanawake wanane walikuwa wamelala kimya, blanketi hadi shingoni, kama watoto wanaojifanya wamesinzia. Mwenyekiti akawasalimia mmoja mmoja, kisha akainama kuangalia chini ya vitanda. Nilidhani anatafuta vumbi.

"Nyungu zenu za kupikia ziko wapi?" akauliza.

 Kando ya kitanda cha mwisho alikuwa amekaa bibi mmoja, mama wa binti aliyelala pale. Aliwahi kuuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, Bukavu miaka mingi, na hakuwa mtu wa kumeza maneno.

"Nyungu ya nini, Maman? Balituita tulale kidogo, bageni bapite, turudie kwetu. Muntu atangojea mutoto siku tano, atakula nini? Jikoni haiko. Na ndani habakubali moto."

Mzee akaniangalia. Ningeweza kusema kwamba bibi amechanganyikiwa. Lakini mficha uchi hazai, na mahali penyewe palikuwa pa wazazi. Nikasema yote: ni mimi niliyewaita, na nyumba ile haijawahi kulaza mtu hata usiku mmoja.

Nilingoja kufukuzwa. Mwenyekiti akaketi kitandani, nailoni ikalia chini yake.

"Jikoni ilikuwa mu plan," akasema. "Ni mimi njo niliikata. Nilisema moshi ni mubaya kwa batoto." Akawageukia wanawake. "Mutusamehe, bamama. Nimekuwa mukunga maisha yangu yote, na nikasahau mama anakula."

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, pande zote mbili za mto Rusizi, Rwanda na Kongo. Sikuwahi kumsikia mkubwa akisema hivyo mbele ya watu waliolala.

Saba kati ya wale wanawake walikuwa na miezi mbele yao, wakaamka wakicheka. Binti wa bibi ndiye pekee aliyekuwa karibu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa njiani, kwenye mvua, na hakufika kituoni akiwa hai. Sasa bibi alikuwa anafunga furushi lake.

"Tunarudia," akasema. "Hapa njaa itamumaliza mbele ya uchungu."

Kwao kulikuwa nyuma ya vilima viwili, na mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya msitu.  Mzee alitoka nje akarudi na mawe matatu ya mafiga. Mwenyekiti akafunga kitenge juu ya suruali yake. Mimi nikakimbia kutafuta maharage, viazi na kuni za mkaratusi, maana kuni za Nyungwe haziguswi. Kikao cha uongozi siku ile tulikifanyia kando ya moto, na ajenda ilikuwa moja. Chakula kilipoiva, bibi akaonja, akakunja uso.

"Bakubwa batatu, na hakuna hata mumoja aliwaza chumvi!"

Lakini alifungua furushi.

Tulibaki. Mwenyekiti alibadilisha safari yake ya ndege, mzee akapima msingi wa jiko kwa hatua zake na kuanza kupanga matofali. Mimi, mkurugenzi mzima, nilipuliza moto siku tatu hadi macho yakavimba. Siku ya tatu mchana binti alitembea kwa miguu yake hadi kituoni, ng'ambo ya ua tu. Mwenyekiti hakumfuata, alisema kituo kina mkunga wake, akaendelea kusugua sufuria. Tuliposikia kilio cha mtoto, mzee alishusha mwiko wake wa saruji na kusema alhamdulillahi. Mimi nililia kwa sauti, na sikumwonea haya mtu.

Mwaka huu tulirudi watatu. Moshi wa jikoni tuliuona tangu tulipomaliza kona ya mwisho. Vitanda vyote vina watu, na hakuna aliyejisumbua kuamka kwa ajili yetu. Bibi ndiye anayelisimamia jiko sasa, mjukuu akimshika sketi. Alimpa mwenyekiti kisu na beseni la viazi.

"Muntu hakai bure humu, Maman."

Mwenyekiti akakaa chini kumenya, akifurahi waziwazi. Kisha bibi akanigeukia mimi, jiko zima likisikiliza.

"Na weye? Leo umeleta tena bamama ba kukopa?"

Walicheka wote, na mzee kuliko wote.

"Hapana, Maman," nikamjibu bibi, nikifungua mkoba wangu. "Leo nimeleta chumvi."