Biriani ya Wakwe wa Boke

Jamani, sura yangu nitaificha wapi? Wazazi wa mchumba wa binti yangu Boke walitoka Tanga kuja kwetu Nyamisangura. Nikijua ni Waislamu, bia za mume wangu nilizihamishia kwa jirani. Mimi Mkurya wa ugali nikapika biriani ya kuku, ikanukia mtaa mzima.

Mama wa kijana alinawa, akachukua kipande cha paja, kisha akauliza kwa upole, "Mama Boke, kuku amechinjwa na nani?"

Hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo.

Mume wangu akawahi kujibu kwa fahari, "Mwenyewe huyu! Mke wangu hahitaji mwanaume wa kumchinjia."

Yule mama akarudisha paja kwenye sahani. Boke akanitazama, machozi yakimlengalenga. "Mama, kweli?"