Mbuzi Kwenye Mbaazi Zangu

Nilipoondolewa titi lililokuwa na saratani, nesi alinifundisha namna ya kutuliza mwili na moyo. Nilale chali, nifumbe macho, nivute pumzi polepole, kisha niende kwa mawazo mahali ninapopapenda. Wenzangu wodini walienda Mombasa. Mimi bahari sijawahi kuiona, kwa hivyo nilienda shambani kwangu, Kangundo.

Nilifika vizuri. Mbaazi zilikuwa zimetoa maua na upepo ulikuwa mtamu. Halafu nikamwona mbuzi wa jirani, yule mweupe mwenye pembe moja, akitafuna bila haraka. Nikakunja ngumi.

"Mama, mbona unahema hivyo?" nesi akauliza.

"Sista, kuna mbuzi kwa shamba yangu!"

Wodi nzima ilicheka. Mama mmoja aliyeshonwa tumbo alishika kidonda chake, akaniomba ninyamaze asije akafumuka. Nesi alinishauri nichague mahali pengine, nikakataa. Nihame shamba langu kwa sababu ya mbuzi?

Basi kila jioni nilifumba macho, nikavuta pumzi, nikamfukuza. Asubuhi wenzangu waliniuliza mbuzi ameamkaje.

Jioni ya mwisho kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, nilimkuta katikati kabisa ya mbaazi. Niliokota jiwe kama kawaida, kisha nikaliweka chini, nikaketi kando ya huyo mbuzi.

"Leo kula ushibe," nikamwambia. "Kesho narudi mwenyewe."