Minyoo ya Plastiki ya Mume Wangu

Ndani ya friji yangu hapa Al Hail, Maskati, kando ya mtindi na tende, kwa miaka mingi sasa kuna minyoo. Ni ya plastiki, mirefu kuliko shibiri yangu, laini, ya zambarau na ya kijani, na inanuka kitunguu thomu. Ni mali ya mume wangu. Zamani aliisahau ndani ya gari wakati wa joto, ikayeyuka yote ikawa bonge moja, na aliponunua mingine akaileta moja kwa moja jikoni kwangu bila kuniuliza. Wageni wakifungua friji kutafuta maji ya baridi hupiga ukelele. Mimi nilishapiga kelele zangu mpaka nikachoka.

Wazimu huo aliutoa Amerika, alikokwenda kusoma ujanani. Huko kuna maziwa yaliyojaa majani hata maji yenyewe huyaoni, na humo majanini hujificha samaki mwenye mdomo mpana wanayemwita besi. Ukitupa ndoana hivi hivi inarudi na majani matupu. Kwa hiyo wao hutunga mnyoo wa plastiki, wakaizika ncha ya ndoana ndani ya mwili wake, wakatia chubwi ndogo ya risasi mbele, na mnyoo ukapenya bila kunasa. Mume wangu aliupenda uvuvi huo kwanza kwa sababu hakuweza kabisa kumchoma mdudu hai kwa ndoana. Husema kumtesa kiumbe ni dhambi. Tena aliupenda kwa sababu macho hayana kazi. Hakuna boya la kutazama. Samaki anagonga mara mbili, taratibu, nawe unamsikia kwa vidole tu. Hapo huvuti. Unangoja ameze kwanza.

Maskati hatuna ziwa la namna hiyo. Basi akajitafutia khori kule Yiti, mahali maji ya bahari yanapoingia nchi kavu, penye majani chini na chewa wadogo wadogo mawe yanapoanzia. Ijumaa baada ya sala tulikuwa tukienda, yeye na fimbo yake ya kuvulia, mimi na chupa ya chai na kazi ya kumcheka.

Sukari ilimwanza miguuni. Siku moja alirudi kutoka msikitini na ndala moja, ya pili imemtoka njiani wala hana habari. Tulicheka sana siku ile. Baadaye akashika birika la kahawa lililotoka motoni, akalikamata vivyo hivyo akiendelea kuzungumza, mpaka nilipomnyang'anya. Hapo hatukucheka. Daktari alitueleza kwamba mishipa ya fahamu imeharibika, na iliyokwisha kufa hairudi tena. Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: vidole vyake vitabakiwa na chochote? Daktari akasema wengine hubakiwa.

Tangu hapo akawa analitaka jambo hilo moja tu duniani. Hakuniambia, lakini nimekaa naye muda mrefu. Alipolitoa sanduku lake la ndoana Ijumaa iliyofuata, nilijua haendi kuvua. Anakwenda kujipima.

Niliendesha mimi. Kule khorini akashindwa kuitunga ndoana, ikamponyoka na kumchoma, naye akaendelea tu na damu inatoka. Nikaichukua mimi, nikamtungia.

"Siyo hivyo, bibi we! Unyooshe huo mnyoo. Ukikaa kombo haumdanganyi mtu."

"Basi tunga mwenyewe," nikamwambia.

Ningaliweza kulimeza neno lile, ningalilimeza.

Alirusha vizuri, bega bado lilikuwa lake. Akarusha tena na tena, na kila mara mnyoo ulirudi mtupu. Mwishowe akaniita.

"Njoo. Weka mkono wako hapa, juu ya wangu. Nnataka kujua kama samaki hawapo au mimi ndiye sipo."

Nikaweka. Mnyoo ukazama majanini, mshipi wa ndoana ukakazika kidogo, tukatulia. Kisha nikasikia. Mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa haya. Nilimtazama. Alikuwa ameyakodolea macho maji, amekaza shingo, anangoja. Jamani, siku ile nilitamani vidole vilivyokufa viwe vyangu.

Mkono wangu ulikuwa umeshashtuka, na hilo aliliona.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wallahi?"

"Wallahi, baba watoto. Amegonga mara mbili."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi hajameza bado. Usivute." Tukangoja. Mshipi ulipoanza kwenda upande akasema, "Sasa, vuta!" Nikavuta, tukamtoa chewa wa kutosha sufuria. Yeye ndiye aliyeujua wakati, mimi ndiye niliyekuwa na mkono.

"Hebu nambie," akasema. "Akigonga, wewe wamsikiaje?"

Nikafikiri. "Kama mtoto anavyocheza tumboni, mara ya kwanza kabisa."

Akacheka kicheko chake cha kweli. "Kumbe unajua tangu zamani, na mimi nimejitia kukufundisha!" Kisha kicheko kikamwishia, akakaa juu ya jiwe, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Nami nililia, sikujificha.

Tulirudi kwa njia ya milimani. Alikuwa mchangamfu, akinihadithia habari za yale maziwa ya Amerika na majani yake, uso ameuelekeza dirishani, mkono ameulaza kitini katikati yetu. Niliushika. Niliubana kwa nguvu zangu zote na nikaendelea kuubana, naye akaendelea kuhadithia. Hakujua kama nimemshika mpaka alipotazama chini.