Mechi Tuliyocheza Kimya Yiti

Mimi na mama yangu tuliingia Maskati mwaka wa sitini na nne kwa dhamana ya ami yangu, ndugu yake marehemu baba, aliyekuwa na duka la nguo Matrah. Wengi waliotoka Unguja mwaka ule walikataliwa kushuka, wakawa wanazungushwa bandari hii na ile. Sisi ami alikwenda akasimama mbele ya wakubwa akasema, watu hawa ni wangu, wakiharibu niulizeni mimi. Basi mama hakuniachia nisahau. Hata nikitoka kwenda kununua mkate atanifuata mpaka mlangoni: "Usimtie ami yako mashakani, mwanangu."

Kwa kuwa nilijua Kiingereza cha skuli, nilipata kazi kwenye kambi ya mafuta, nje kidogo ya Matrah. Nilikaa bohari, nikitoa vifaa, na nikitafsiri pale vibarua na Wazungu walipokuwa hawaelewani. Kiarabu changu kilikuwa cha kuchekesha. Lakini vibarua wengi walikuwa wamewahi kuishi Unguja au Pemba, basi tukisemezana Kiswahili mambo yakenda.

Ndani ya kambi, nyuma ya seng'enge, Wazungu walikuwa na ligi ya mpira wa kwao Australia. Mpira wenyewe ni mrefu, umechongoka huku na huku. Unaupiga teke, unaudaka kwa mikono, unaupiga ngumi kumpa mwenzio, na ukitaka kukimbia nao lazima uudundishe. Kila upande wa uwanja kuna nguzo nne. Ukiupitisha kati ya zile mbili za katikati unapata pointi sita, ukipita pembeni unapata moja. Sisi tulikuwa tunaangalia tu kupitia waya.

Aliyetufungulia mlango alikuwa fundi mmoja wa kuchomelea mabomba, Mwastralia, mtu mfupi mwenye masikio yaliyoungua kwa jua. Alinambia kwao alizaliwa sehemu ya machimbo, mbali na miji, na timu kubwa hazikuwahi kufika huko hata siku moja. Walichopata wao ilikuwa ligi ya daraja la pili, timu za watu wa migodini, na kwa ligi ile ndogo ndipo akajua kwamba na wao ni watu. Alilisema hili huku anapangusa miwani yake ya kazi, bila ya kunitazama. Kisha akasema, "Nataka daraja la pili hapa, la vibarua. Matrah, Sidab, Yiti. Wewe utakuwa refa."

Timu ya Yiti ndiyo iliyokuwa bora. Ni vijana wavuvi waliotoka kijiji hicho cha pwani kuja kufanya kibarua cha kulaza mabomba. Kapteni wao alikuwa amechuma karafuu Pemba miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Wete hasa. Mdogo wake, kijana mrefu mwembamba, alikuwa akiruka kuudaka mpira unaona magoti yake yako sawa na mabega ya wenzake. Lakini mabomba yalipokwisha kulazwa, watu wa Yiti wakaachishwa kazi, wakanyang'anywa pasi za kuingilia kambini. Ligi yetu ikabaki na Matrah na Sidab.

"Basi sisi tutakwenda kwao," akasema Mwastralia.

Alilisema kama mtu anayekwenda dukani. Zama zile mambo mengi yalikuwa hayaruhusiwi, na mengine hayakukatazwa ila hakuna aliyethubutu kuyajaribu. Watu kukusanyika kijijini, na Mzungu katikati yao, hilo lilihitaji ruhusa. Ruhusa nikaambiwa nikaombe mimi.

Mkubwa wa serikali aliyekuwa na amri ya upande ule alinipokea barazani kwake. Niliuchukua ule mpira nikamwonesha. Akaugeuza, akaubonyeza, akauweka chini, ukabingirika ukaenda upande asioutarajia.

"Umeharibika?"

"Hapana, sheikh. Ndivyo ulivyo."

Hakucheka. Akauliza watacheza wangapi, watatazama wangapi, na nani amelianzisha. Nikajibu kila swali, na jasho linanitiririka ndani ya kanzu. Mwisho akasema, "Chezeni. Lakini sitaki ngoma, sitaki nyimbo, sitaki bendera, wala sitaki kelele. Watu wakipiga kelele pamoja, hiyo si michezo tena. Nitatia askari pale. Na akija kunambia palikuwa na kelele, sitamwita Mzungu. Mzungu ana kampuni yake. Wewe una nani?"

Nilipomhadithia mama, aliacha kupeta mchele, akauweka ungo chini. "Kwetu tumeshatolewa," akasema. "Na hapa tukitolewa, tutakwenda wapi? Nambie wewe unayejua Kiingereza."

Lakini kapteni wa Yiti alikuwa ameshapelekewa habari, na nguzo zilishakatwa.

Tulikwenda Ijumaa baada ya sala, timu ya Matrah imejaa kwenye magari mawili ya kambini, Mwastralia akiendesha la mbele, tukapita njia ya wadi, bonde la mto mkavu, mawe matupu. Yiti uwanja ulikuwa ule mchanga mgumu unaobaki maji ya hori, ule mkono wa bahari, yakipwa. Wenyewe walishasimamisha boriti nane za mikandaa, zimenyooka, na mistari wameichora kwa majivu. Wazee wamekaa ukingoni. Wanawake wamesimama mbali, kwenye milango ya nyumba. Na chini ya kivuli cha mwamba, askari, Mbulushi wa makamo, bunduki juu ya mapaja yake.

Kapteni akanisogelea. "Nimeshawambia wote. Hata mtoto hatopiga kelele. Wewe filimbi unayo?"

"Filimbi nayo ni kelele."

Akafikiri. "Basi nyanyua mkono. Tutakutazama."

Sijapata kuona mchezo kama ule, na Mungu asinioneshe tena. Watu wazima wanakimbia, wanagongana, wanaanguka, na husikii ila nyayo kwenye mchanga na pumzi. Mpira ule ni mchezo wa kuitana; anayeudaka hamwoni aliye nyuma yake mpaka aitwe. Bila ya sauti walikuwa wakivamiana kama vipofu. Mtu akipata pointi sita, wazee ukingoni wanabana vinywa, wengine wametia ncha za vilemba mdomoni. Mimi nilikuwa nakimbia na mkono juu, jicho moja kwenye mpira na moja kwa askari.

Maji yalikuwa yameanza kurudi. Kwenye kona ya mbali mchanga ulishaanza kung'aa. Yiti walikuwa nyuma kwa pointi chache. Ukapigwa mpira wa juu, na yule kijana mrefu, mdogo wake kapteni, akaruka juu ya migongo ya watu wawili akaudaka. Akashuka vibaya. Bega lilitangulia, na mtu wa Matrah akamwangukia juu.

Mimi nilikuwa karibu, nikausikia mfupa.

Yeye hakutoa sauti. Akainuka, uso umekuwa rangi ya majivu, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Mpira ameukumbatia na wa kushoto.

"Umeumia?" nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa. Mdomo wa chini alikuwa ameuuma mpaka unatoka damu. Akamsukumia mwenzake mpira, akanionesha kwa macho: tuendelee.

Nilinyanyua mkono kusimamisha mchezo. Lakini wachezaji wengine walidhani naruhusu, wakaanza kukimbia, na yeye akakimbia nao, ule mkono unapigapiga ubavuni. Nikawapungia, hakuna aliyetazama. Nikataka kupiga ukelele, nikajizuia, kwa sababu nilimwona askari amesimama.

Ndipo mama yake yule kijana alipouona ule mkono.

Alitoka milangoni kule mbio, mtandio umemwanguka, akimlilia mwanawe kwa sauti iliyopiga mlima ikarudi. Hapo kila kilichokuwa kimefungwa tangu mchana kikafunguka. Wanawake wakapiga yowe, wazee wakainuka, wachezaji wote wakawa wanasema kwa pamoja, na kapteni akapita mbio kuelekea kwa mdogo wake, yaani kuelekea alipokuwa askari, na wanaume wote nyuma yake.

Askari akarudi nyuma hatua, akaisukuma risasi ndani. Ule mlio wa chuma naukumbuka kuliko yowe.

"Kaeni! Kaeni chini nyote!"

Nikajikuta nimesimama katikati, mikono juu, nasema kwa kile Kiarabu changu kibovu, "Kavunjika! Kavunjika, si fujo! Huyo mama yake!" Mtutu ulikuwa kifuani kwangu. Niliwaza neno moja tu, ami. Nyuma yangu nikamsikia kapteni akiwambia watu wake wakae, na wakakaa, mmoja mmoja, juu ya mchanga uliokwisha loa. Mwastralia naye alikaa, miguu ameinyoosha, mikono juu ya kichwa. Mama yake kijana tu ndiye hakukaa. Alimfikia mwanawe akamshika kiuno.

Askari alinitazama. Akamtazama kijana. Kisha akaushusha mtutu, akanipita kana kwamba sipo, akenda akalipapasa lile bega kwa vidole. "Mtulinga," akasema, akijigusa chini ya shingo kunionesha. Akaivua bunduki akampa kapteni aishike. Nakwambia, alimpa bunduki! Akafungua kilemba chake, akakikunja pembe tatu, akaufunga mkono ukakaa kifuani sawasawa. Alishawafunga wengi, ilionekana. Kisha akaidai bunduki yake.

Mchezo haukumalizika. Maji yalishafika kwenye nguzo. Tulimtia kijana kwenye gari, Mwastralia akaendesha, askari mbele, mimi na mama yake nyuma tumemshika huku na huku, tukaelekea hospitali ya Matrah. Njia ya wadi ilikuwa mateso. Kila jiwe lilimpita mfupani, na yeye amekaza meno, macho yamemtoka. Tulipokuwa kati ya milima askari akageuka.

"Lia sasa," akamwambia. "Huku hayupo mtu."

Akalia. Alilia kwa sauti kubwa kama mtoto, mpaka tukazipita nyumba za Ruwi.

Asubuhi ya pili niliitwa. Nilitegemea kwenda peke yangu, lakini mama alishavaa buibui lake, na ami ameshafunga duka. Wakakaa nje kwenye gogo la mtende. Ndani nilimkuta yule mkubwa, na mpira nilioupeleka siku ya kwanza uko juu ya rafu, karibu na dalla, lile birika la kahawa. Hakuwa amenirudishia, tulichezea mwengine.

"Nimeambiwa palikuwa na kelele."

"Ndiyo, sheikh."

"Kelele za nani?"

"Za mama wa kijana aliyevunjika."

"Na wengine?"

Nilijua uongo hautonifikisha mlangoni, na kweli pia huenda isinifikishe. "Wengine walimfuata yeye," nikasema.

Akameza funda la kahawa. "Askari kanambia hivyo hivyo. Kanambia pia ukasimama mbele ya bunduki. Huo ni ujinga." Akazungusha kikombe. "Mama kumlilia mwanawe sihisabu. Lakini Yiti basi. Chezeni ndani ya seng'enge yenu. Na huu mpira utakaa hapa."

Nilipotoka mama alinitazama miguu, kama anahakikisha natembea. Ami akasema, "Haya, twendeni, duka limefungwa tangu asubuhi." Njiani nililazimika kukaa kwenye ngazi ya nyumba ya watu.

Mwastralia alilia na ule uamuzi kuliko mimi. Alikuwa akisema, tumewaacha nje tena, tumewaacha nje. Baada ya miezi alihamishiwa jangwani, kwenye visima, na ligi ya Matrah na Sidab ikafa kwa kukosa mtu wa kuisukuma.

Yiti nilirudi mwaka wa sitini na tisa, kwa jambo jengine kabisa, kumtazama mgonjwa wa jamaa yetu. Nikapita horini. Maji yamekupwa, na watu wanacheza. Mpira walishona wenyewe kwa ngozi ya mbuzi, ndani wamejaza makumbi, hauna umbo lolote la kusema. Wapinzani wao walitoka kijiji cha pili cha pwani, wamekuja kwa miguu. Hapakuwa na askari. Walikuwa wakisemezana kwa sauti ya kawaida, kama watu sokoni.

Refa alikuwa yule kijana mrefu. Mkono wa kulia ulikuwa haupandi tena juu ya kichwa, basi alikuwa akiamua kwa wa kushoto. Nilipofika alikuwa amewanyima Yiti pointi sita, anasema mpira umeguswa kabla ya kupita. Kaka yake kapteni yuko mbele ya uso wake, anagomba kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili cha Pemba alipoishiwa na Kiarabu.

"Umeguswa," akasema kijana. "Nimeona mimi. Rudi nyuma."

Kapteni akatema mate pembeni, akarudi nyuma.